Ngozi inataka mafuta, sokoni inauziwa weupe

Saa mbili asubuhi, mwezi wa Julai, sokoni Njombe, watu wanasalimiana huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Mama mmoja aliyejitanda blanketi juu ya kitenge amesimama mbele ya meza ya vipodozi. Mtoto wake wa miaka kama minne amemshika upindo. Mashavu ya mtoto yamekuwa meusi, makavu, yamepasuka mistari midogo midogo, na kwenye pembe za mdomo kuna damu iliyoganda.

"Kamwene, mama. Karibu."

"Kamwene. Natafuta mafuta ya huyu mtoto, kaka. Baridi imembabua."

Kijana muuzaji ana makopo ya mafuta mgando upande wake wa kulia, makubwa kwa madogo. Hayagusi. Anachukua kichupa cha rangi ya waridi chenye picha ya mwanamke mweupe, anakifungua, anamnusisha mama harufu yake. Anasema kinaondoa weusi wote ndani ya wiki moja. Mama anauliza bei na kuanza kufungua fundo la upindo.

Maandishi ya nyuma ni ya Kifaransa, tena madogo kama chawa. Hakuna anwani ya kiwanda wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Katikati ya orodha ya viambato kuna maneno mawili: clobetasol propionate. Hiyo ni steroidi, miongoni mwa zile kali kabisa za kupaka, dawa ambayo daktari humwandikia mtu mzima mwenye ugonjwa mkubwa wa ngozi, kwa siku chache na kwa kumfuatilia. Hapa inauzwa mezani, pamoja na vitana na rangi za kucha, ipakwe kwenye mashavu ya mtoto aliyepigwa na upepo.

Kila kipupwe biashara hii hujirudia kwenye masoko ya nyanda za juu. Mtu hutoka nyumbani kutafuta tiba ya ukavu akarudi na dawa ya kubadili rangi. Gharama yake haiishii kwenye fedha.

Upepo wa kusi na shavu la mtoto

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Makete, uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600, na huko asubuhi za Juni na Julai majani huamka yamefunikwa na sakitu. Mvua zimekatika tangu Mei. Upepo wa kusi unavuma. Hewa ya baridi hubeba mvuke kidogo kuliko hewa ya joto, kwa hiyo jua linapotoka na kuipasha, inakuwa na kiu: inanyonya maji kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye udongo, na kwenye ngozi za watu.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zimepangwa zikashikana, na kati yake kuna mafuta ya asili: seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ni kama nyumba ya miti iliyokandikwa udongo. Miti inasimamisha nyumba, lakini kinachozuia upepo ni udongo. Mafuta hayo yakipungua, maji ya ndani hupotelea hewani, seli hukunjamana na ngozi hupasuka. Kwa mtu mweusi seli hizo kavu huonekana kama majivu. Ndipo tunasema fulani amepauka.

Kwenye mashavu ya watoto mambo huzidi. Mate, makamasi na upepo hukutana pale pale. Ngozi inawasha, mtoto anajifikicha kwa mkono wa sweta, na ngozi iliyokereka hutengeneza rangi zaidi ya kawaida. Shavu linakuwa jeusi.

Mama anauona weusi huo, na muuzaji anauuzia dawa. Lakini weusi ni matokeo tu. Kilichoharibika ni kinga inayozuia maji yasitoke. Kinga hiyo ikitengenezwa, rangi hurudi taratibu, kwa wiki kadhaa, pengine miezi, bila kichupa chochote cha waridi.

> *Weusi wa shavuni ni alama ya ngozi iliyokereka. Ukavu ukitibiwa, rangi hurudi yenyewe taratibu.*

Maji yanayofuka, sabuni ya mche

Baridi haifanyi kazi hii peke yake. Tunaisaidia, tena kila siku.

Kwanza ni kuoga. Asubuhi ya baridi mtu huchemsha maji mpaka yafuke, akajimwagia kwa raha. Maji hayo huyeyusha na kuondoka na mafuta yale yale ambayo ngozi inayahitaji. Kisha inakuja sabuni. Nyumba nyingi bado zinaogea sabuni ya mche, ambayo kazi yake ni kutoa uchafu kwenye nguo. Sabuni za namna hiyo huwa na ukali wa magadi, na kipimo chake cha pH hufika 9 au 10, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5. Ongeza dodoki linalosuguliwa kwa nguvu mpaka ngozi "iwe safi", na mwogaji anatoka bafuni akiwa amejivua kinga yake yote.

Kubadili taratibu za ngozi wakati wa kipupwe kunaanzia hapo, na hakuna cha kununua. Maji yawe ya uvuguvugu. Kuoga kuwe kwa muda mfupi. Sabuni ipite kwapani, kwenye mapaja kwa ndani na nyayoni. Mikono, mgongo na miguu vinatosheka na maji siku nyingi, isipokuwa umetoka shambani. Dodoki lipumzike mpaka Septemba.

Halafu kuna jiko la mkaa. Kuota moto usiku kunakausha ngozi zaidi, na anayekaa na miguu yake karibu na jiko miezi mizima anaweza kupata mabaka yaliyochorwa kama wavu kwenye miundi, ambayo huchukua muda mrefu kufutika. Nguo na mashuka yaliyolowa mafuta ya kujipaka hushika moto kwa urahisi na kuungua kwa kasi, kwa hiyo aliyejipaka asikae jirani na makaa. Na jiko lisilale chumbani. Hewa yake ya sumu huua watu usingizini.

Linalobaki ni wakati wa kujipaka, na hapa ndipo ninapowasihi wasomaji kuliko mahali pengine popote. Usijifute ukakauka kabisa, ukavaa, ukala, ndipo ukumbuke mafuta. Jikaushe kwa kubonyeza taulo, ngozi ibaki na unyevu, kisha paka mafuta ndani ya dakika chache, kabla maji hayajapotea. Mafuta kwa sehemu kubwa hayaongezi maji kwenye ngozi; yanayafungia yaliyopo. Ukipaka juu ya ngozi iliyokauka umefungia ukavu.

Ndugu zetu walio Minneapolis, Toronto au Oslo wana baridi ya namna nyingine, na taabu ni hiyo hiyo. Nje theluji, ndani mitambo ya kupasha joto inayokausha hewa mchana na usiku. Wengi hugundua mwaka wao wa kwanza kwamba mafuta mepesi waliyozoea Mombasa hayafui dafu huko. Wa Nairobi na Limuru wana mawingu na manyunyu ya Julai, hewa yao si kavu kama ya Njombe, lakini maji ya kuoga ni ya moto vile vile.

Mafuta gani basi?

Hapa kambi ni mbili, na kila moja ina watu wake.

Kambi ya kwanza ni ya mafuta mgando. Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872 baada ya kuona wafanyakazi wa visima vya mafuta ya petroli wakijipaka nta iliyoganda kwenye mitambo ili kutibu majeraha. Karne moja na nusu baadaye, hakuna kitu cha bei nafuu kinachoyashinda katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Hayana harufu, hayaozi, na ni nadra kumletea mtu mzio. Wanaoyapinga wanasema yanamfanya mtu awe mweusi. Hilo si kweli. Yanang'aa, yananasa vumbi, na kwa mwenye chunusi yanaweza kuziba vitundu vya ngozi usoni. Kasoro zake ni hizo. Kwa miguu, mikono, midomo na mashavu ya mtoto, ni vigumu kupata bora kuliko hayo kwa fedha hiyo. Chagua meupe, yasiyotiwa marashi, kutoka kiwanda kinachojitaja.

Kambi ya pili ni ya mafuta ya mimea, na siku hizi ina sauti kubwa kwenye simu za vijana. Mengine yanastahili sifa. Mafuta ya alizeti, yale yale tunayokaangia, yana asidi ya linoleiki ambayo ngozi huitumia kutengeneza seramaidi zake. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache ya hospitalini kuliko wenzao wasiopakwa. Mafuta ya zeituni, ambayo wengi huyaona ya heshima zaidi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walikuta yanadhoofisha kinga ya ngozi. Ghali siyo lazima iwe bora.

Mafuta ya nazi nayo ni mazuri kwa ngozi kavu, ila yana tabia inayowatatiza wanunuzi wa nyanda za juu. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa iliyotoka Tanga ikiwa maji huamka Njombe ikiwa nyeupe na ngumu, na mnunuzi anadhani amechanganyiwa mafuta ya ng'ombe. Hajachanganyiwa. Iweke chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Kwa kweli ni yale ambayo hayagandi kabisa kwenye baridi ya Julai yanayopaswa kutiliwa shaka, isipokuwa lebo iseme yamechujwa maalumu.

Kaskazini mwa Uganda, katika Lango, Acholi na West Nile, kuna mshea, na mafuta yake ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, hupakika hata penye baridi. Njombe yenyewe ni mkoa wa parachichi. Natamani kuona siku ambapo mama wa Uwemba ananunua mafuta ya parachichi ya mkoa wake kwa bei anayoimudu, yakiwa na lebo anayoisoma.

Kwa mwenye ngozi ngumu zaidi kuna vitu viwili ambavyo maduka ya dawa huviuza bila makeke. Glisirini huvuta maji. Ichanganye na maji kidogo, paka, kisha funika kwa mafuta, maana ikikaa peke yake kwenye hewa kavu huweza kuyavuta maji kutoka ndani ya ngozi. Krimu ya yurea hulainisha: ya asilimia 5 hadi 10 kwa miguu na mikono iliyokauka, na ya asilimia 20 au zaidi kwa magaga. Loweka miguu, sugua taratibu kwa jiwe, paka, vaa soksi, lala. Isipakwe penye mpasuko unaotoa damu, inachoma.

Hesabu ya kopo

Kosa la kawaida dukani ni kulinganisha bei ya chupa na chupa. Linganisha bei ya gramu.

Tuseme kopo la mafuta la gramu 250 ni shilingi 4,000, na kikrimu kizuri cha gramu 50 ni shilingi 3,000. Kikrimu kinaonekana rahisi. Ukigawanya, kopo ni shilingi 16 kwa gramu, kikrimu ni 60. Na ngozi ya kipupwe hula mafuta. Kiasi cha krimu kinachofunika pingili moja ya kidole cha shahada cha mtu mzima, karibu nusu gramu, kinatosha eneo la viganja viwili tu. Kwa mgonjwa wa ukurutu mtu mzima, madaktari hukadiria hadi gramu 500 kwa wiki. Aliyenunua cha gramu 50 atakitumia kwa kunyata, anadokoa, anapaka palipo na kidonda tu, na ngozi yake haitapona hata kama kikrimu ni cha mfalme.

> *Mafuta ya bei nafuu yanayopakwa kwa wingi huishinda krimu ya bei kubwa inayodokolewa.*

Losheni nayo kwa sehemu kubwa ni maji. Ukiona neno linalotajwa kwanza kwenye orodha ni aqua au water, ujue ndicho kilichomo kwa wingi kuliko vyote, kwa kuwa viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Losheni ni nzuri Dar es Salaam mwezi wa Machi. Njombe mwezi wa Julai itakuliza.

Kwa familia ya kawaida mahitaji ni machache: kopo kubwa la mafuta mgando au mafuta ya mimea yanayoaminika, sabuni ya kuogea isiyo kali wala marashi mengi, na kichupa cha glisirini. Kama kuna mwenye magaga, krimu ya yurea. Toner, seramu, barakoa za uso na sabuni ya dawa ya kila siku havitibu baridi. Mtu anayevipenda na ana uwezo anunue kwa furaha yake, lakini mama anayehesabu nauli asidhani amewanyima watoto wake kitu.

Mlango wa mkorogo

Ninarudi kwenye kichupa cha waridi kwa sababu uzito wa jambo uko hapo. Watu wengi hawaanzi mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi, kwa kutaka weupe. Wanaanza kwa kutaka kuondoa "weusi wa baridi", mtu anawaonyesha kitu kinachofanya kazi kwa siku tano, na wanakuta hawawezi kukiacha.

Kinafanya kazi kweli. Ndiyo hila yake. Steroidi huzima muwasho mara moja na ngozi inang'aa. Baada ya wiki kadhaa inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, chunusi na vinyweleo vinajitokeza, michirizi inachora mapajani. Ukiacha, uso unawaka moto na kuvimba, kwa hiyo unarudia. Kwa mtoto dawa hupenya haraka zaidi, huingia kwenye damu na kuvuruga homoni za mwili. Nisieleweke vibaya: steroidi ni dawa halali, na mwenye ukurutu aliyeandikiwa na daktari asiitupe kwa kusoma gazeti. Kosa ni kuiuza kama mafuta.

Steroidi haiko peke yake kwenye mikorogo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka meusi ya kibluu mashavuni ambayo ni vigumu mno kuyatoa. Afrika Kusini, ambako madaktari waliyaeleza katika miaka ya 1970, iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na haimdhuru anayejipaka peke yake. Huhamia kwenye taulo, kwenye mto, kwa mtoto anayebebwa. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, ulilenga vipodozi vyenye zebaki ya zaidi ya sehemu moja kwa milioni; mwaka 2023, huko Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kiwango hicho na kuvifuta vyote ifikapo 2025.

Tanzania Bara, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, pale iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ilipogeuzwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Zanzibar kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA. Kenya ni KEBS, Uganda ni UNBS. Rwanda ilianza msako mkali madukani mwishoni mwa 2018. Sheria zipo kila mahali. Vichupa navyo vipo kila mahali.

Wenye meza nao wana lao

Wauzaji wadogo huwa na malalamiko, na si ya kupuuzwa. Hawakusomea vipodozi. Wananunua kwa jumla wanachokuta kwa jumla. Mteja hufika akitaja jina la krimu aliyoiona kwa jirani. Ukimwambia huna, anavuka kwenda meza ya pili. Faida ya kopo la mafuta mgando ni ndogo, ya krimu ya kung'arisha ni kubwa. Msako ukija, anayeteketezewa mtaji ni mwenye meza, wakati aliyeshusha katoni mia kutoka mpakani hajulikani aliko.

Nakubaliana nao katika hilo la mwisho kwa moyo wote. Kuchoma makopo ya kijana wa sokoni mbele ya kamera hakumfikii aliyeyaingiza nchini. Lakini sikubali kwamba mteja ndiye anayeomba. Yule mama hakuomba weupe. Aliomba mafuta ya mtoto.

Kinachonikera zaidi ni lugha. Taarifa ambayo ingemlinda mama huyo ilikuwepo, imeandikwa kwenye kichupa, kwa Kifaransa. Kama bidhaa inauzwa Njombe, Kigoma au Kisumu, onyo lake na viambato vyake vikuu viandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi anazoziona mtu wa miaka hamsini asiye na miwani. Mamlaka za viwango za Afrika Mashariki zina uwezo wa kulisimamia hilo, na hakuna kiwanda kitakachofilisika kwa kubadilisha karatasi.

Mpaka hapo patakapofika, mnunuzi ajilinde. Kataa mafuta ya kupimiwa kwenye kikopo kisicho na jina, hata kama anayepima ni shoga yako. Tazama kama kifuniko kina muhuri ambao haujavunjwa, kama kuna jina na mji wa mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, na alama ya ubora ya nchi. Kichupa kilichokaa juani mezani tangu Desemba kiache. Kwenye viambato, haya ndiyo majina ya kukimbia, kama yanavyoandikwa: hydroquinone, mercury, calomel, mercurous chloride, ammoniated mercury, clobetasol, betamethasone. Yaandike kwenye simu, umpe na mwanao anayesoma sekondari akusaidie kuyatafuta. Na ukiona kipodozi hakina orodha kabisa, hilo nalo ni jibu.

Kitu kipya, hata kilicho salama, kijaribu kwanza kwenye mkunjo wa kiwiko kwa siku mbili tatu kabla hakijagusa uso. Marashi ndiyo huleta mzio mara nyingi, na harufu nzuri haijawahi kulainisha ngozi ya mtu.

Jua la baridi huunguza vile vile

Kuna watu ambao kipupwe huwadanganya vibaya zaidi: wenye ualbino. Hewa ikiwa baridi mtu hahisi kuungua, anavua kofia, anakaa uwanjani kuota jua. Lakini miale inayodhuru ngozi haitegemei joto. Huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo jua la saa sita Makete linaweza kumuunguza mtoto aliyejikunyata kwa baridi. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua ni vya mwaka mzima. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, hutengenezwa Kilisun, losheni iliyobuniwa kwa ajili yao na kugawiwa kupitia kliniki. Shule zenye wanafunzi hawa ziulize hospitali ya wilaya kuhusu mgao kabla ya Juni.

Mafuta yakishindwa

Si kila ngozi kavu ni ya baridi. Kama muwasho unazidi usiku, uko katikati ya vidole na kiunoni, na ndugu au wanabweni wengine nao wanajikuna, huo huenda ni upele. Unatibiwa kwa dawa, na wote walio nyumba moja hutibiwa pamoja. Mabaka ya mviringo yenye ukingo ulioinuka, yale tunayoyaita mashilingi, ni fangasi, na mafuta hayatayaondoa. Mtoto ambaye mikunjo ya viwiko na magoti inachubuka kila mwaka, anajikuna mpaka halali, ana ukurutu, ule ambao wengi huuita pumu ya ngozi, na anahitaji daktari zaidi ya duka.

Na kuna baka moja ambalo watu hulipaka mafuta miaka na miaka kwa kudhani ni mpauko: limefifia rangi kuliko ngozi inayolizunguka, haliwashi, na ukiligusa kwa ncha ya unyoya mtu hahisi. Hiyo ni dalili ya ukoma. Tanzania bado ina wagonjwa wapya wa ukoma. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na anayeanza kuzimeza mapema hupona kabla vidole vyake havijadhurika.